Bwawa Ndani ya Kioo: Maoni Juu ya Kufuga Samaki Nyumbani Katika Nchi Kame

Msafiri atokaye mjini Dodoma kuelekea kaskazini-mashariki, akapita mashamba ya mtama, uwele na mizabibu, hufika Hombolo na kukutana na jambo asilolitazamia: maji mengi yaliyotulia katikati ya nchi kavu. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, wakati wa utawala wa Waingereza, kwa kuuziba mto Kinyasungwe Mdogo, ambao maji yake hatimaye huungana na yale ya mto Wami na kuelekea Bahari ya Hindi. Tangu wakati huo bwawa hilo limewapa wananchi kitoweo, limenywesha mifugo, na limekuwa mahali pa kutazamwa na wanafunzi wanaopita njiani kwenda shuleni. Nasema kutazamwa tu, kwa maana ni wachache miongoni mwao wanaolijua. Wanaona uso wa maji. Yanayotendeka chini ya uso huo hawayaoni, na vitabu vyao vya biolojia aghalabu huwasimulia habari za mabwawa ya nchi nyingine.

Kwa sababu hiyo, miaka kadhaa iliyopita niliweka tangi kubwa la kioo katika sebule ya nyumba yangu ya ualimu, nikalijaza maji, nikatia ndani yake samaki. Tangi lenyewe lina urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 60, na maji yake yana kina cha sentimita 50. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kukokotoa ujazo wake: ni lita 450. Makala haya yanatetea tangi hilo. Ninakusudia kuonyesha kwamba kufuga samaki katika tangi kubwa, hapa penye uhaba wa maji, si anasa wala kuiga mambo ya wageni, bali ni njia mojawapo iliyo bora ya kufundisha sayansi. Lakini pia kwamba kazi hiyo ina masharti, na asiyeweza kuyatimiza ni heri asiianze.

Swali la jirani yangu

Siku tangi lilipojazwa, mzee mmoja jirani yangu aliingia kunijulia hali. Alilitazama tangi kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, maji yote haya ni ya samaki?"

Nilimjibu kwamba ndivyo, mzee wangu. Akatikisa kichwa na kusema, "Mke wangu ameamka alfajiri leo kutafuta ndoo mbili." Hakuongeza neno, wala hakuwa na haja ya kuongeza.

Swali hilo ndilo zito kuliko yote, nami sitaki kulikwepa. Lita 450 ni ndoo 22 na nusu za lita 20. Katika nyanda hizi mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na wastani wake kwa mwaka ni kiasi cha milimita 550 hadi 600. Miezi inayobaki ni ya jua na upepo. Mtu ambaye angejaza tangi la samaki kwa maji ya bomba ambayo jirani yake anayasubiri foleni, huyo angekuwa ametenda kosa, na sayansi isingemwosha.

Basi nilimwalika mzee aje tena mvua ya kwanza itakaponyesha, tupime pamoja. Paa la nyumba yangu ni la bati, lenye eneo la meta za mraba 48. Mvua ya milimita 10 ikianguka juu ya eneo hilo huleta lita 480. Tukiondoa sehemu moja ya tano inayopotea kwa kumwagika na kwa maji machafu ya mwanzo yanayoosha vumbi, tunabakiwa na lita 384. Hivyo mvua mbili za kadiri hiyo zinatosha kulijaza tangi na kubakiza. Kwa mwaka mzima paa hilo hilo hupokea zaidi ya lita 25,000, ambazo hapo awali zote zilikuwa zikichimba makorongo uani na kwenda zake. Mzee alipoona pipa likijaa mbele ya macho yake, hakuzungumza tena habari za samaki. Aliuliza bei ya mfereji wa bati, na baada ya mavuno aliufunga kwenye paa lake mwenyewe.

Hapo nilijifunza jambo ambalo nawaomba walimu wenzangu walizingatie. Tangi lililojazwa kwa mvua ya paa haliwanyang'anyi watu maji, huwafundisha kuyakinga. Na maji yanayoondolewa tangini kila juma, kiasi cha lita 45, hayatupwi. Yamejaa naitreti, ambayo ni chakula cha mimea, nami huyamwagia mchicha na matembele yaliyopo nyuma ya nyumba. Mboga hizo zimekuwa hoja yenye nguvu kuliko maneno yangu yote.

Kwa nini tangi liwe kubwa

Wengi hudhani kwamba anayeanza aanze na chombo kidogo, kisha akizoea apate kikubwa. Katika jambo hili dhana hiyo ni potofu, na mimi mwenyewe niliadhibiwa nayo. Chombo changu cha kwanza kilichukua lita 30. Niliweka ndani yake perege wadogo kumi, nikawalisha pumba kwa ukarimu, na siku ya tisa wote walikuwa wamekufa. Maji yalikuwa maangavu kabisa. Hapakuwa na ugonjwa wala uchafu ulioonekana kwa macho.

Kilichowaua ni amonia. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na mabaki ya chakula yaozapo huiongeza. Katika mto au bwawa, amonia hiyo hushughulikiwa na bakteria wa aina mbili. Wa kwanza, kama wale waitwao Nitrosomonas, huigeuza iwe naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili, kama wale waitwao Nitrospira, huigeuza naitraiti iwe naitreti, ambayo haina madhara makubwa na ambayo mimea huifyonza. Bakteria hawa hawanunuliwi dukani kwetu, wala hawahitaji kununuliwa. Huja wenyewe, hukaa juu ya changarawe, mawe na sifongo ya chujio, na huongezeka polepole. Tangi jipya huhitaji kiasi cha majuma manne hadi sita kabla jeshi hilo halijatosha. Mimi niliweka samaki kumi siku ya kwanza, yaani niliwapa wageni chakula kabla mpishi hajafika.

Ukubwa wa tangi husaidia kwa njia tatu. Kwanza, sumu ile ile ikitiwa katika lita 450 huzimuliwa mara 15 zaidi ya ikitiwa katika lita 30, na mfugaji hupata siku za kugundua kosa lake. Pili, joto la maji mengi hubadilika polepole. Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu ni wa baridi ilhali mchana ni wa jua kali. Chombo kikiongezwa ujazo mara kumi bila kubadili umbo lake, eneo la nje huongezeka mara nne na nusu hivi tu. Kwa hiyo kila lita hupata sehemu ndogo zaidi ya kupotezea joto. Kuku mdogo huona baridi kabla ya ng'ombe kwa sababu hiyo hiyo.

Tatu, kuna habari ya oksijeni, nayo inawahusu hasa watu wa nyanda za juu. Maji ya joto huyeyusha oksijeni kidogo kuliko maji baridi: kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye nyuzi 20 za Selsiasi huweza kushika miligramu 9.1, na yenye nyuzi 30 hushika miligramu 7.6 hivi. Lakini Hombolo haiko kwenye usawa wa bahari. Iko zaidi ya meta 1,000 juu yake, na hewa yetu ina kanieneo la kiasi cha asilimia 88 ya lile la Dar es Salaam. Kwa hiyo hata maji yetu yaliyotulia vyema yana oksijeni pungufu kwa asilimia 12 hivi. Maelekezo ya idadi ya samaki yaliyoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani ya Ulaya hayatufai bila kupunguzwa. Katika lita 450 mimi huweka perege wadogo wanane, wala siongezi. Umeme ukikatika na mashine ndogo ya kupuliza hewa ikanyamaza, uchache wao ndio unaowaokoa hadi asubuhi.

Maabara isiyofungwa

Shule zetu nyingi hulalamika kwamba hazina maabara za kutosha, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini tangi moja lina masomo yote manne ya sayansi ndani yake. Tuanze na fizikia. Wanafunzi huambiwa kwamba kanieneo la maji huongezeka kwa kina, wakaandika kanuni, wakaisahau. Waulize badala yake: kioo cha mbele cha tangi hili kinasukumwa kwa kani gani? Kwenye sakafu ya tangi, penye kina cha nusu meta, kanieneo ni paskali 4,900. Kwenye uso wa maji, kwa kuhesabu maji peke yake, ni sifuri. Hivyo wastani ni paskali 2,450. Eneo la kioo lililoguswa na maji ni meta za mraba 0.75. Kani ni takriban nyutoni 1,840, sawa na uzito wa magunia mawili ya mahindi ya kilo 90 na zaidi kidogo, ikisukuma kioo mchana na usiku bila kupumzika. Mwanafunzi akilipata jibu hilo, hurudi nyuma hatua moja bila kuambiwa, kisha anaelewa kwa nini ukuta wa bwawa hujengwa mnene chini na mwembamba juu.

Jibu hilo pia ni onyo. Maji peke yake yana uzito wa kilo 450, bila kioo wala mawe. Meza ya kawaida haiyahimili. Tangi na likae juu ya msingi wa matofali uliosawazishwa kwa pima-maji, na kioo kikatwe na kuunganishwa na fundi aliyezoea kazi hiyo, kwa unene anaoujua yeye na si kwa kubahatisha.

Kemia nayo ipo. Amonia ndani ya maji huwa katika hali mbili, na ile iliyo gesi ndiyo yenye sumu kali. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, maji yenye pH 7 yana chini ya asilimia moja ya amonia katika hali hiyo ya sumu. Yenye pH 8 yana kiasi cha asilimia 5. Na yenye pH 9 yana zaidi ya theluthi. Visima vyetu vingi vya kanda ya kati vina maji ya magadi na chumvichumvi. Hivyo kosa ambalo mfugaji wa mahali pengine angesamehewa, kwetu huua. Kwa upande mwingine, maji ya mvua peke yake hayana madini ya kutosha kuizuia pH isiyumbe. Mimi huchanganya maji ya paa na kiasi kidogo cha maji ya kisima, na wanafunzi hupima kila juma na kuandika daftarini.

Fumbo la chumvi

Nimeacha hadi hapa somo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote, kwa kuwa linahusu uhai wa bwawa lenyewe. Maji ya Bwawa la Hombolo yamejulikana kwa muda mrefu kuwa na chumvi, jambo linalowasumbua wanaotaka kuyatumia nyumbani au kumwagilia mashamba. Wanafunzi wengi husema kwamba chumvi hiyo hutoka ardhini, na wanasema kweli. Lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili inaonekana tangini.

Tuchukulie kwamba tangi lililo wazi hupoteza milimita 5 za maji kwa siku kwa kugeuka mvuke. Uso wake una meta za mraba 0.9, hivyo hupoteza lita 4.5 kila siku. Mfugaji mvivu huongeza lita 4.5 na kuona tangi limejaa kama jana. Lakini kilichoondoka ni maji matupu; chumvi haigeuki mvuke. Kila nyongeza huleta chumvi yake na kuiacha humo. Baada ya siku 100 atakuwa ameongeza lita 450, yaani tangi zima la pili, na chumvi ndani ya maji itakuwa imeongezeka mara mbili. Baada ya siku 200, ambazo ni karibu urefu wa kiangazi chetu, itakuwa imefika mara tatu. Tangi bado linaonekana limejaa na maji bado ni maangavu, ila samaki wanaanza kukataa chakula.

Dawa yake ni kuondoa maji, siyo kuongeza tu. Mfugaji anayetoa lita 45 kila juma na kujaza upya, chumvi katika tangi lake haitapita mara 1.7 ya ile ya maji anayotumia, hata afuge miaka kumi. Nawaachia wanafunzi waithibitishe hesabu hiyo: chumvi inayoingia kwa juma na iwe sawa na inayotoka. Tangi likifunikwa kwa kioo, mvuke hupungua na hesabu huwa nzuri zaidi.

Sasa mwanafunzi huyo apelekwe ukingoni mwa bwawa mwezi wa Oktoba. Ataona mstari mweupe juu ya tope lililokauka, naye atajua ni nini bila kufundishwa. Bwawa la nchi kame ni tangi lisilo na kifuniko, ambalo kwa miezi mingi maji yake hutoka kwa kupaa tu. Mvua zikiwa nyingi na maji yakafurika, sehemu ya chumvi huchukuliwa. Mvua zikiwa haba, hubaki. Na kila mto unaoingia huleta tope pia, linalopunguza kina, na maji yenye kina kifupi hupata joto na kupaa haraka zaidi. Mwanafunzi aliyeelewa hayo hatakata miti ya kando ya mto kwa moyo mwepesi. Kesho atakuwa diwani, mhandisi au mkulima wa zabibu, na uamuzi wake juu ya bwawa utakuwa na hesabu ndani yake. Kwa faida hii moja tu ningelitetea tangi hata kama halingekuwa na samaki.

Samaki gani wafugwe

Jibu langu ni samaki wa mahali penyewe. Samaki wekundu wa mapambo waletwao kutoka ng'ambo na kuuzwa katika miji mikubwa wanapendeza, lakini hawana cha kutueleza juu ya Hombolo. Perege wa kwetu ni mwalimu bora. Jike, akiisha kutaga, huyakusanya mayai kinywani mwake na kuyalea humo kwa majuma mawili hivi, bila kula au akila kidogo sana. Vifaranga wakiogopeshwa hurudi mbio kinywani mwa mama. Nimewaona vijana wa kidato cha nne, wapendao kelele, wakikaa kimya nusu saa wakilitazama jambo hilo. Kambare mchanga, akiwekwa peke yake kwa kuwa hula wenzake, hupanda juu kuvuta hewa, na hivyo huonyesha jinsi anavyoweza kuishi katika tope lisilo na oksijeni.

Yupo pia samaki wa ajabu zaidi, ambaye wengi wetu tumemkanyaga bila kumjua. Katika madimbwi ya msimu ya nchi yetu, pamoja na kanda hii ya kati, huishi samaki wadogo wa jenasi ya Nothobranchius. Mvua zikija huanguliwa, hukua kwa majuma machache, hutaga mayai matopeni, na dimbwi likikauka hufa wote. Mayai hulala katika udongo mkavu kiangazi chote, yakingoja mvua. Aina moja, Nothobranchius guentheri, asili yake ni kisiwa cha Unguja, na imefugwa katika nyumba za Ulaya kwa miongo mingi. Ndugu yake wa Msumbiji na Zimbabwe, Nothobranchius furzeri, anatumiwa leo katika maabara za nchi kadhaa kuchunguza sababu za uzee, kwa kuwa maisha yake yote ni ya miezi michache tu. Ni aibu iliyoje kwamba kijana wa Ujerumani huweza kusimulia maisha ya samaki wa madimbwi yetu, na kijana wa Bahi au Hombolo hajawahi kusikia jina lake! Samaki wa miamba ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa nao wamepamba sebule za ulimwengu kwa zaidi ya nusu karne, ilhali wengi wetu tuliwafahamu kwa mara ya kwanza katika picha.

Masharti matatu

Sharti la kwanza ni afya. Maji ya mabwawa yetu huweza kuwa na konokono wanaoeneza kichocho. Mwanafunzi asitumwe kuingia bwawani kuokota mimea wala konokono, na mimea iliyotoka bwawani isitiwe tangini ikiwa na konokono au mayai yao. Maji ya bwawa yakilazimika kutumika, yachujwe kwa kitambaa na kuwekwa pipani bila konokono kwa siku mbili kamili, kwa kuwa viini vya kichocho vilivyo huru majini havidumu zaidi ya hapo. Pipa nalo lifunikwe, lisije likazaa mbu. Tangini penye samaki hofu hiyo haipo: vifaranga wa perege huwala viluwiluwi vya mbu mmoja mmoja, na kuwahesabu ni zoezi zuri.

Sharti la pili ni sheria na idhini. Samaki hai hawahamishwi ovyo kutoka maji haya hadi yale. Mwalimu na aonane na afisa uvuvi wa halmashauri kabla ya kuanza, naye mara nyingi atampa ushauri bila malipo.

Sharti la tatu ni zito kuliko yote: samaki aliyeingia tangini asirudishwe bwawani wala kumwagwa mtoni. Taifa letu lina kovu la jambo hili. Sangara aliletwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960. Ameleta viwanda na fedha za kigeni, lakini aina nyingi za furu, zinazokisiwa kufika 200, zilitoweka. Samaki wa tangi akizidi ukubwa, mahali pake ni kikaangoni, na hilo halipingani na sayansi hata kidogo. Hivyo ndivyo nilivyolijibu swali ambalo wageni wangu wote huniuliza, "Mwalimu, hawa utawala lini?"

Hoja za wanaopinga

Wapo wasemao kwamba kumfungia kiumbe ndani ya kioo ni ukatili. Ninaiheshimu hoja hiyo, na ndiyo sababu nyingine ya kudai tangi liwe kubwa na samaki wawe wachache. Lakini tusisahau historia ya karibu. Mwaka 2000, vyura wadogo wa maporomoko ya Kihansi, wasiopatikana mahali pengine popote duniani, walipokuwa hatarini baada ya maji ya maporomoko yao kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme, vyura 499 walipelekwa Marekani wakafugwa katika masanduku ya kioo. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba aina hiyo imetoweka katika makazi yake ya asili. Lakini wana na wajukuu wa wale 499 walikuwa hai, na mwaka 2012 walianza kurudishwa Kihansi. Baadhi ya furu wa Ziwa Viktoria nao walihifadhiwa katika matangi ya Ulaya na Marekani. Kioo, basi, kilikuwa safina. Linalonisikitisha ni kwamba safina hizo zilikuwa mbali, kwa kuwa ujuzi wa kufuga viumbe wadogo wa majini hatukuwa tumeujenga kwetu. Ujuzi wa namna hiyo huanzia sebuleni na darasani, katika kazi ya kila siku ya kupima, kusafisha na kuandika.

Wengine husema kwamba gharama ni kubwa. Kweli, kioo kinene si bei ya mchicha. Lakini si lazima kila mwalimu awe na tangi lake. Shule moja iwe na tangi moja kubwa, au hata kisima cha saruji chenye dirisha la kioo upande mmoja, kazi ya mikono ya wanafunzi wenyewe. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule iwe mahali pa kufanya kazi na kufikiri kwa pamoja. Tangi linalonywesha bustani na kujaza daftari la vipimo linatimiza mambo hayo mawili.

Hatimaye wapo wanaouliza: kama bwawa lipo umbali wa hatua chache, tangi la nini? Jibu ni kwamba bwawa halikuonyeshi kosa lako. Bwawani, tope la mwaka huu huleta madhara baada ya miaka ishirini, na aliyelisababisha amekwisha kuhama. Tangini, kosa la Jumatatu huonekana Ijumaa, na aliyelitenda yupo, anatazama. Mtu aliyewahi kuwazika perege kumi kwa uzembe wake mwenyewe hulitazama bwawa kwa macho mengine.

Nawaomba basi walimu wa sekondari, hasa wa shule zilizo karibu na mabwawa ya nchi kame, walifikirie jambo hili kabla ya mvua zijazo. Anzeni na mfereji wa paa na pipa. Kisha jengeni msingi, wekeni tangi, lijazeni, na mngoje majuma sita huku mkipima. Samaki waje mwisho. Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu awaamuru: daftari, rula na kipimajoto vinatosha kuanza kulihoji bwawa lenu leo.

Yule mzee jirani yangu bado hunitembelea. Siku hizi haulizi maji ni ya nani. Huvuta kigoda, huketi mbele ya kioo, na juma lililopita ndiye aliyeniambia, kabla sijaona mwenyewe, kwamba jike mmoja alikuwa hali chakula na kidevu chake kimevimba. Tulihesabu siku pamoja. Siku ya kumi na mbili jike alifungua kinywa, na vifaranga wakatoka.